Mwanga kwa Kipimo: Taa Niliyoiunda Uswidi

Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Tanga. Miaka yote mwanga kwangu ulikuwa hesabu ya taa ngapi sebuleni, swichi ikae wapi na bili itakuja kiasi gani. Kwamba daktari anaweza kumwandikia mtu mwanga kama anavyomwandikia dawa, kwa kiasi na kwa saa, nilikuja kulijua Umeå, mji wa kaskazini mwa Uswidi ninakoishi na familia yangu. Hapa mwezi Desemba jua huchomoza saa tatu na ushee asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Mfanyakazi wa ofisini huingia kazini gizani na kutoka gizani.

Wapo ambao giza hilo haliwafanyi kitu. Wengine, wenyeji kwa wageni, hulala sana na bado huamka wamechoka. Hutamani vyakula vya wanga, hunenepa, hukosa raha, hata kupokea simu ya nyumbani huwawia kazi. Siku zikirefuka hali hiyo huondoka, na mwaka unaofuata hurudi. Aliyeieleza kitaalamu mwaka 1984, pamoja na wenzake, ni daktari Norman Rosenthal wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani. Yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Afrika Kusini, na dalili hizo zilimpata alipohamia New York. Waliwakalisha wagonjwa mbele ya taa kali, wengi wakapata nafuu.

Neno zito hapo ni “kali”. Jicho halifai kupimia ukali wa mwanga kwa sababu hujirekebisha: gizani hufungua mboni, kwenye mwanga huibana. Sebule yangu usiku inaonekana inang'aa, lakini kipima mwanga kilisoma luksi 150. Mchana wa mawingu nje unaweza kufika maelfu, na jua la utosini la Tanga hukaribia 100,000. Dozi inayotumika sana kwa tiba hii ni luksi 10,000 kwa nusu saa, asubuhi baada ya kuamka. Ukiwa na luksi 2,500, itakubidi ukae kama saa mbili.

Mwanga huo lazima uingie machoni. Nyuma ya jicho kuna seli zinazoitikia zaidi mwanga wenye usamawati. Kazi yao kubwa ni kuipasha habari saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo kwamba kumekucha. Saa hiyo ndiyo inayozuia melatonini, homoni ya usiku. Kwa hiyo kuota taa mgongoni hakusaidii, na wala taa hii haikupi vitamini D. Vitamini hiyo hutengenezwa ngozini kwa miale ya urujuanimno, ambayo taa nyeupe za LED karibu hazina.

Sasa ufundi. Nilinunua mkanda wa LED wa volti 24, mita 5, unaokula wati 20 kwa mita na kutoa lumeni 2,000 kwa mita, rangi nyeupe ya kelvini 4,000. Nikaukata kwenye alama zake, vipande kumi vya sentimita 50, nikavibandika kwa mistari juu ya bamba la alumini la sentimita 30 kwa 60. Bamba si la urembo, ndilo linalonyonya joto. LED ikipikika hufifia mapema. Kila kipande nilikipelekea waya wake mwekundu na mweusi kutoka njia kuu ya volti 24, nikachomelea kwa lehemu. Ukiviunga kimoja nyuma ya kingine kwa mstari mmoja mrefu, volti hushuka njiani na cha mwisho huwaka kwa unyonge.

Umeme wa ukutani sikuugusa. Nilinunua adapta iliyofungwa kiwandani, yenye alama za usalama, ya wati 120, ili isilemewe na wati 100 za mkanda. Mbele ya LED, kwa umbali wa sentimita 5, nikafunga kioo cha plastiki cheupe kama maziwa. Kinakula sehemu ya mwanga, lakini bila hicho kila LED ingekuwa nukta ya kuchoma macho. Kifaa cha kupunguzia mwanga sikukiweka, maana vingi huwasha na kuzima taa kwa kasi, na wengine huumwa kichwa.

Kisha nikapima pale uso unapokaa. Kwa sentimita 40 nilipata luksi 10,000 na kidogo. Kwa sentimita 80 zikabaki 3,000 na ushee. Basi kiti kikisogea, dozi nayo imebadilika. Taa naiweka pembeni kidogo, nakunywa chai na kusoma huku macho yakiwa wazi, bila kuikodolea. Jioni siiwashi, kwani ingenifukuzia usingizi.

Si kila mtu aikimbilie. Mwenye ugonjwa wa retina, mwenye maradhi ya akili ya kupanda na kushuka kwa hisia, au anayetumia dawa zinazofanya ngozi na macho yaogope mwanga, amwone daktari kwanza. Taa za kuua vijidudu zisitumike kabisa kwa tiba hii. Miale yake huunguza macho. Na taa hii haina uhusiano na ile ya bluu ya wodini kwa watoto wachanga wenye manjano. Mtoto akiwa na manjano apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo si kazi ya fundi wa nyumbani.

Hapa Umeå kujitibu kwa mwanga si aibu. Mwaka 2012 kampuni ya umeme ya mji, Umeå Energi, ilifunga taa za tiba kwenye vituo vya basi. Aibu iko kwetu, tunaoambizana kwamba fulani kaenda Ulaya akawa mvivu. Kwa hiyo ndugu yako akikwambia mwezi wa kumi na moja kwamba amechoka tu na hana hamu ya kitu, usimcheke wala usimtafutie mchawi. Mhimize amwone daktari, atoke nje mchana, na akishauriwa taa, ainunue au aiunde, na awe na kipima mwanga.