Jiwe ni Rahisi, Mawimbi ni Ghali

Maedita wa Mwanza wana picha moja inayowatoa jasho kuliko hata ya bibi harusi, nayo ni ya ziwa. Jiwe la Bismarck halina shida. Limesimama palepale tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Maji yanayolizunguka ndiyo yanayoharibu kazi, na yanaiharibu saa ambayo edita anadhani ameshamaliza: amekata, amepanga, ameweka muziki, amepaka rangi, kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kurenda, yaani kutoa faili la mwisho, na kwenda kula.

Video nyingi bado hubanwa kwa kodeki ya H.264, iliyotoka mwaka 2003. Kodeki hiyo haihifadhi kila picha nzima nzima. Inahifadhi moja kamili, kisha kwa zinazofuata inaandika tofauti tu. Mwenye duka naye hufanya hivyo: haandiki upya orodha ya wadeni wote kila jioni, anaandika waliokopa leo. Sasa ziwa likichafuka, mtaa mzima umekopa. Kila nukta ya maji imebadilika, na nafasi ya kuandika yote hayo haipo. Matokeo yake wimbi linakatika vigae vigae. Wavuvi wa dagaa usiku nao wana balaa lao: taa inang'aa vizuri, lakini giza linaloizunguka, ambalo kwenye skrini ya edita lilikuwa laini, linatoka na mabaka. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kila video ni lazima iwe na droni inayopita juu ya zile kilomita 3 za zege. Droni ikikimbia, hakuna kilichotulia kwenye fremu, hata daraja lenyewe.

Dawa ni bitireti, yaani kiasi cha data kinachoruhusiwa kwa kila sekunde. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Megabiti 8 kwa sekunde ni kama gigabaiti 3.6 kwa saa. Harusi ya saa tatu inakaribia gigabaiti 11. Mteja analeta flashi ya gigabaiti 16, anaona nafasi ipo tele, lakini flashi hiyo imefomatiwa kwa FAT32, mfumo usiokubali faili moja lizidi gigabaiti 4. Kuna edita atakayeshusha bitireti mpaka faili lienee, na bwana harusi ataona uso wa mama yake umegeuka uji. Mwenye uzoefu anaikata video vipande vya saa moja moja na kuviandika namba. Au anafomati flashi upya kwa exFAT, ila kwanza aulize runinga ya nyumbani kwa mteja ni ya mwaka gani, maana nyingi za zamani haziisomi.

Halafu kuna umeme. Mradi mrefu kwenye kompyuta ya kawaida unaweza kurenda usiku kucha. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa, kwa hiyo umeme ukikatika kwenye asilimia 95, hizo 95 hazifunguki kwa programu yoyote ya kawaida ya kuchezea video. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kuingia kwenye gridi, UPS ya dakika kumi haikutosha kitu. Njia ya busara ni kurenda filamu sehemu sehemu kwa kodeki nzito ya kazi, kama ProRes au DNxHR, kisha kuziunga na kutoa nakala nyepesi kutoka hapo. Diski inajaa haraka, ndiyo, lakini umeme ukienda unapoteza sehemu moja tu.

Kuna pia kosa la fremu, ambalo halisamehewi kwenye ngoma. Kamera imepiga fremu 25 kwa sekunde, simu ya shangazi imepiga 30, vyote vimetupwa kwenye mradi mmoja wa 25. Programu inalazimika kutupa fremu moja katika kila sita za simu. Kwenye hotuba ya mgeni rasmi hakuna atakayejua. Kwenye ngoma ya bugobogobo, majembe yanaporushwa juu, kila mtu anaona yakidunda hewani.

Hayo ni ya harusi; sinema ina yake. Filamu iliyoipeleka Mwanza duniani kuliko zote, Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ilipigwa hapa lakini ikatengenezwa na kampuni za Austria, Ufaransa na Ubelgiji. Ilioneshwa Venice mwaka 2004, ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo Rais Kikwete akailaumu hadharani kwa kuichafua nchi. Ugomvi wa filamu hiyo kuhusu sangara na ndege za mizigo niuache. Ninachosema ni kwamba hatua ya kuifikisha filamu kwenye skrini ya sinema, iliyokuwa ya maabara za Ulaya, leo inaweza kufanyika Nyegezi, hapahapa Mwanza, kwa programu ya bure kama DCP-o-matic. Kifurushi cha sinema (DCP) hubana kila fremu peke yake, haikopi kwa jirani, na kinaruhusu hadi megabiti 250 kwa sekunde. Mawimbi yanapumua. Saa moja inaweza kufika gigabaiti 112, na filamu ya fremu 25 ikipunguzwa kuwa 24 za sinema, dakika 90 zinakuwa karibu 94, sauti nayo inashuka kidogo isiporekebishwa. Anayetaka kupeleka kazi yake kwenye tamasha, liwe ZIFF la Zanzibar au la mbali zaidi, ajifunze hayo mapema kuliko wiki ya mwisho.

Wengi hawafiki huko. Mteja anapokea flashi, anashukuru, na kabla hajatoka mlangoni anaomba arushiwe na WhatsApp. Ikitumwa kama video, inabanwa upya na ziwa linarudi kuwa vigae. Itumwe kama dokyumenti, isizidi gigabaiti 2, na mteja aambiwe aipakue akiwa na bando la kutosha.