Jani Kavu Ndani ya Barua

Ndugu msomaji, mti wa mkrismasi unaufahamu. Hupandwa penye shule, penye ofisi na kando ya barabara. Majani yake ni madogo madogo, na maganda yake ni marefu, meusi, watoto huyatikisa kama kayamba. Mwaka mzima hakuna anayeuangalia, ila mbuzi na watu wanaotafuta kivuli. Ikifika Desemba unawaka maua mekundu mti mzima, utadhani nyumba inaungua.

Watu wengi hudhani mti huu ni wetu tangu zamani. Sivyo. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, ng'ambo ya bahari, mashariki ya Msumbiji. Na wataalamu wa Ulaya waliujua kwa njia ya barua. Leo nataka tuzungumze juu ya barua za namna hiyo, kwa sababu baadaye zilipita hapa hapa Tabora.

Mtu aliyetoa habari za mti huo aliitwa Wenceslas Bojer. Alizaliwa mwaka 1795 Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Kazi yake ilikuwa kutafuta mimea. Mwaka 1821 alifika kisiwa cha Morisi akakaa huko. Mwaka 1824 alifika pwani yetu, akachuma mimea Mombasa, Pemba na Unguja. Mkrismasi aliuona Madagaska. Habari zake zikavuka bahari mpaka Scotland, katika mji wa Glasgow, kwa Profesa William Hooker. Hooker alikuwa mwalimu wa elimu ya mimea, tena alisimamia gazeti la mimea lenye picha za rangi. Mwaka 1829 akauchapa mti ule katika gazeti lake, na jina alilolichagua Bojer. Ndani ya jina hilo mlikuwa na neno la Kilatini lenye maana ya "wa kifalme".

Hooker hakuwahi kufika Madagaska. Hakukaa chini ya mti ule hata siku moja. Basi aliujuaje?

BARUA ZA WAKATI HUO

Wakati ule hapakuwa na simu wala meli ya haraka. Barua ilisafiri kwa meli ya matanga, ikingoja upepo. Kutoka Morisi hadi Uingereza ilichukua miezi. Ukiuliza swali leo, jibu utalipata mwaka ujao, kama meli haikuzama.

Tena barua ilikuwa ghali. Stempu zilianza Uingereza mwaka 1840. Kabla ya hapo, mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa. Karatasi zikiwa nyingi na safari ikiwa ndefu, bei ilipanda. Fikiri mwenyewe: unaletewa barua nene kutoka mbali, na kabla hujaifungua unadaiwa fedha! Kwa hiyo wataalamu wa mimea walitafuta njia za kupunguza gharama. Mizigo yao walimpa nahodha wanayemfahamu, au rafiki anayesafiri.

Ndani ya mizigo hiyo yalikuwamo majani. Siyo majani ya chai, la. Ni tawi dogo lenye majani, ua, na tunda kama lipo, limebanwa kati ya karatasi mpaka limekauka na kuwa bapa. Jani kavu namna hiyo, likitunzwa lisiliwe na wadudu, hukaa miaka mia mbili na zaidi.

Kwa nini wasiandike maneno tu? Hebu tazama. Mtu wa pwani husema ukwaju. Jirani yake Msukuma husema bushishi. Wanaweza kubishana mchana kutwa, kumbe wanasema juu ya tunda moja. Na mara nyingine jina moja hutumika kwa miti miwili, mmoja dawa na mwingine sumu. Hapo ubishi si mchezo tena. Ndiyo maana Mswidi mmoja, Linnaeus, alitoa kitabu mwaka 1753, akaupa kila mmea majina mawili ya Kilatini, kama mtu mwenye jina lake na jina la ukoo. Mwembe, kwa mfano, ni Mangifera indica, iwe India, iwe Ujiji.

Lakini hata jina la Kilatini linaweza kukosewa. Jani lenyewe halidanganyi. Ukiwa na mashaka, unalichukua, unalipima, unalilinganisha na jingine.

Pamoja na jani kilikuwako kikaratasi. Juu yake waliandika mahali mmea ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyechuma. Mchumaji mwangalifu aliongeza rangi ya ua, maana ua likikauka hupoteza rangi, na jina la wenyeji, na matumizi yake. Jani lisilo na kikaratasi lilikuwa kama barua isiyotiwa sahihi. (Wanakisomo wangu wananijua kwa jambo hili. Kila wiki napiga kelele: tarehe, tarehe! Na kila wiki nusu ya darasa wameisahau.)

Desturi nyingine ilikuwa kuchuma matawi mawili, matatu au zaidi ya mti ule ule. Moja unabaki nalo, mengine unawapelekea wenzako katika miji mingine. Na wao watakuletea ya kwao. Mimea ya Bojer, kwa mfano, ilifika pia kwa mtaalamu de Candolle huko Geneva, Uswisi. Kumbuka desturi hiyo. Tutaihitaji mbele.

MZIGO WA MAJANI UNYAMWEZI

Mwaka 1841 Profesa Hooker aliondoka Glasgow akawa mkuu wa Bustani ya Kew, karibu na London. Barua za dunia nzima zikamfuata huko. Kew pakawa kama ghala. Mwanajeshi, daktari, mmisionari, kila aliyesafiri mbali aliweza kupeleka majani.

Mmoja wao alipita kwetu. Ni James Grant, mwanajeshi kutoka Scotland, aliyefuatana na Speke kutafuta chanzo cha mto Naili. Waliondoka pwani ya Bagamoyo Oktoba 1860. Januari 1861 walifika Kaze. Kaze ndiyo Tabora yetu hii. Njia waliyopita ndiyo ile njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo, kisha Unyamwezi, halafu Ujiji.

Wenyeji wa Tabora, hebu jiulizeni: Januari mpaka Machi kwetu ni wakati gani? Ni mvua. Nguo haikauki, sembuse jani! Mmea uliobanwa hutoa maji. Karatasi iliyolowa lazima uitoe uweke kavu, kesho tena, na kesho kutwa tena. Ukizembea, jani linaota ukungu na kuwa jeusi. Mchwa nao hawajui kama karatasi hii ni ya elimu. Nami nimewahi kupoteza daftari zima la mahudhurio kwa mchwa, ndani ya kabati, katika nyumba ya bati.

Tena mzigo huo ulibebwa na mtu. Mpagazi alichukua karibu kilo 30 kichwani au begani, na wapagazi hodari wa njia ile walikuwa Wanyamwezi. Mizigo ya kwanza ilikuwa vitambaa, shanga na waya, maana ndivyo vilivyonunua chakula na kulipa hongo njiani. Mwaka ule wapagazi walikuwa haba kwa sababu ya vita. Grant alikaa muda mrefu Mininga, kaskazini ya Kaze, akiumwa homa, huku Speke akirudi nyuma kutafuta watu wa kubeba mizigo. Katika hali hiyo bado mzigo wa majani makavu haukutupwa.

Kisha wakaenda Karagwe, Uganda, na wakafuata Naili mpaka Misri. Mwaka 1863 walifika Uingereza, na mimea ikapelekwa Kew. Kuanzia mwaka 1872 mpaka 1875 mtaalamu wa Kew, Daniel Oliver, na wenzake wakaitangaza katika kitabu chenye michoro zaidi ya mia moja. Grant mwenyewe aliongeza maelezo: mmea huu wenyeji huuita hivi, ule huutumia hivi.

Hapa ndipo ninapopenda tusimame kidogo. Grant alijuaje kwamba mmea fulani huliwa, au hutoa kamba? Hakuzaliwa Unyamwezi. Aliambiwa. Aliambiwa na wapagazi, na wenyeji wa vijiji alivyolala. Elimu iliyokwenda Kew ilikuwa na sehemu mbili: jani, na maneno ya mtu. Lakini penye jina la mchumaji limeandikwa "Grant". Aliyemwambia hakuandikwa. Yule Bombay, mmoja wa watu wa msafara wao, jina lake tunalo, kwa kuwa liliandikwa vitabuni. Wengi wa wale wengine wamekwenda nalo.

Simlaumu Grant kupita kiasi. Alijitahidi kuliko wengi, maana wengine hata jina la wenyeji la mmea hawakujali kuliuliza. Lakini upungufu ni upungufu.

MOTO WA BERLIN

Mwingine alikuwa Mjerumani, Richard Böhm. Alifika Unyamwezi mwaka 1880, akakaa Kakoma na baadaye Igonda, upande wa kusini ya Tabora. Yeye hasa alikuwa mtu wa ndege na wanyama, lakini alichuma mimea pia. Aliandika barua nyingi kwao. Mwaka 1884 alifariki Kongo, akiwa hajafikisha miaka 30. Rafiki zake wakakusanya barua zile, zikachapwa kitabu mwaka 1888. Mtu amekufa, barua zake zinaendelea kuzungumza.

Mimea yake ilikwenda Berlin. Mti mmoja wa miombo wetu, ule ambao magome yake hutoa kamba, ulipewa jina la Kilatini mwaka 1895: Brachystegia boehmii. "Boehmii" ni yeye, Böhm. Mrina asali wa Sikonge anayepita chini ya mti huo kila siku ana jina lake la Kinyamwezi, la zamani kuliko hilo, nalo halihitaji ruhusa ya Berlin.

Sasa sikiliza. Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliangukia nyumba ya mimea mikavu ya Berlin. Sehemu kubwa iliungua. Majani yaliyobebwa kwa miguu kutoka bara la Afrika, yakavuka bahari, yakatunzwa miaka sitini, yakawa majivu usiku mmoja. Ila si yote yaliyopotea kabisa. Unakumbuka desturi ya kuwapelekea wenzako matawi mengine ya mti ule ule? Mimea mingi iliyoungua Berlin ilikuwa na ndugu zake Kew, Geneva na kwingineko.

Leo nasi tunayo nyumba ya taifa ya kuhifadhi mimea mikavu, iko Arusha. Kew nao wamepiga picha karatasi zao nyingi, zinaonekana kwenye intaneti.

MZEE ALINIKATALIA

Habari hizi niliwahi kuzieleza katika darasa moja la kisomo cha kujiendeleza. Nikawaambia kila mmoja alete tawi moja la mti anaoujua, tulibane ndani ya gazeti kuukuu, juu tuweke matofali, tubadilishe gazeti kila siku kwa wiki moja. Halafu tuandike vikaratasi.

Wakaleta. Mama mmoja alikuja na baba yake, mzee mjuzi wa dawa. Kusoma hajui, lakini miti ameijua kabla sijazaliwa. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mwalimu, huyo mzungu alipoandika, ile dawa ilikuwa ya nani?"

Nikasema, "Mzee wangu, siku hizi mambo yamebadilika. Mwaka 2010 mataifa yalipatana huko Nagoya, Japani, kwamba anayechukua mmea na ujuzi wa wenyeji aombe kwanza, tena wagawane faida."

"Walipatana Japani," akasema mzee. "Hapa kijijini nani atasimamia?"

Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo ninalitafuta. Asipoandika, akifa ujuzi wake unakwenda naye kaburini, kama wale wapagazi. Akiandika, unaweza kuchukuliwa na mtu asiyemjua. Yote mawili ni kweli.

Bintiye alikuwa amekwisha shika kalamu. Wakazungumza Kinyamwezi kwa sauti ya chini, muda mrefu. Mwisho akaandika, pole pole, herufi kubwa kubwa. Jina la mti. Mahali ulipo, karibu na mbuga, njia ya kwenda kisimani. Tarehe. Aliyeeleza: jina la baba yake, kamili, na la babu yake. Aliyeandika: jina lake mwenyewe. Penye neno "matumizi" akapiga mstari mmoja tu, akaacha wazi.

"Hapo," mzee aliniambia, "anajua yeye."