Kisa cha Mbega: tuwafunze watoto kuuliza "kwa nini?"

Mwambie mtoto asimulie hadithi aliyoisoma shuleni, na mara nyingi utasikia: "Halafu akaenda, halafu akarudi, halafu wakafurahi." Matukio yote yamo, lakini hadithi haimo. Kinachokosekana ndicho walimu wa fasihi wanachokiita msuko, yaani jinsi tukio moja linavyolizaa jingine.

Familia za Kwamndolwa, wilayani Korogwe, hazihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kuna kisa cha Mbega, mtu wa Nguu aliyekuja kutawala Usambara. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy alikiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Yasimuliwa kuwa Mbega alipokuwa mchanga aliota meno ya juu kwanza. Mila za wakati ule zilimhesabu mtoto wa namna hiyo kuwa kigego, mwenye mkosi, asiyestahili kuishi. Wazazi wake wakamlea hata hivyo. Walipofariki, jamaa zake wakamnyima urithi kwa sababu ya meno yale yale. Kwa hiyo akahama, akawa mwindaji wa nguruwe mwitu walioharibu mashamba. Huko Kilindi mwana wa mtawala akawa rafiki yake, wakaenda kuwinda pamoja, na kijana yule akauawa na nguruwe. Kwa hiyo Mbega akakimbia tena, akaingia milima ya Usambara. Wasambaa wakamwona ni mtu hodari na mwenye hekima katika kuamua kesi. Alipoua simba huko Vuga, wakamfanya mtawala wao.

Tazameni sasa viungo vya hadithi. Mandhari ni misitu, milima na mashamba. Wahusika ni Mbega, jamaa zake, rafiki yake na Wasambaa. Mgogoro wa nje ni kati ya mtu asiye na kosa na jamii iliyokwisha kumhukumu. Mgogoro wa ndani tunaweza kuukisia pale rafiki alipokufa: abaki amkabili baba wa marehemu, au akimbie? Kilele ni usiku wa simba. Mwisho, aliyenyimwa mali ya baba yake anakabidhiwa nchi.

Msuko hupimwa kwa kuondoa kiungo kimoja. Jamaa wangalimpa Mbega haki yake, asingaliondoka Nguu. Na asingaliondoka, Vuga isingalimjua. Pale neno "halafu" linapoweza kugeuka "kwa hiyo", hapo pana msuko.

Kipimo hicho kinatusaidia pia tunaposoma Surat Yusuf. Wivu wa ndugu unampeleka Yusuf (a.s.) kisimani, kisima kinamfikisha Misri, dhulma inamtia gerezani, na gereza linamkutanisha na mtu atakayemtaja mbele ya mfalme. Ndoto iliyofungua kisa inatimia mwishoni. Hadithi ya Mbega ni masimulizi ya watu, nayo haiwekwi daraja moja na maneno ya Mwenyezi Mungu, lakini mtoto aliyezoea kuuliza "kwa nini?" katika hadithi ya kwao atauliza hivyo hivyo mbele ya aya, naye atapata mazingatio zaidi.

Na hapa pana jambo zito kuliko mtihani wa fasihi. Mtume (s.a.w.) alikataza kuamini mikosi, lakini bado tunawasikia watu wakimwita mtoto "mkosi" kwa kuwa alizaliwa siku ya msiba au ana kasoro ya mwili. Muulizeni mwanenu: mkosi wa Mbega ulitoka wapi, katika meno ya mtoto au katika vinywa vya watu? Atakayejibu vema ameuelewa mgogoro wa hadithi, na tunatumaini hatamwita mwenzake kwa jina hilo.

Basi leo baada ya swala ya Isha, zimeni televisheni, msimulieni watoto kisa kimoja, kisha ulizeni maswali matatu: Nani anataka nini? Nini kinamzuia? Amebadilika vipi mwishoni?