Maji Hufuata Chumvi: Kwa Nini Pakiti ya ORS Hudai Lita Kamili

Anayetengeneza kachumbari hunyunyizia vitunguu chumvi, na baada ya dakika chache hukuta maji yametuama chini ya bakuli. Maji hayo yametoka ndani ya seli za kitunguu. Seli huzungukwa na utando mwembamba unaopitisha maji kwa urahisi lakini huizuia chumvi. Mkusanyiko wa chumvi au sukari ukiwa mkubwa zaidi nje kuliko ndani, maji huelekea nje. Mwendo huo huitwa osmosisi, na ndio unaoamua iwapo kinywaji cha mtoto anayeharisha kitamponya au kitamzidishia ugonjwa.

Utando wa seli umejengwa kwa mafuta, hivyo maji yangepita polepole kama yasingekuwa na vinjia vyake vya protini, viitwavyo akwaporini. Ugunduzi wa vinjia hivyo ulimpatia Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Seli nyekundu za damu zina vinjia hivyo kwa wingi: ukizitia katika maji matupu huvimba hadi kupasuka, na katika maji ya chumvi kali husinyaa. Ndiyo maana dripu ya chumvi ya kawaida hupimwa gramu 9 kwa lita, na maji matupu hayatiwi kamwe mshipani.

Kila siku utumbo wa mtu mzima hupokea takriban lita 9 za majimaji, nyingi zikiwa zimetoka mwilini mwake mwenyewe kama mate, nyongo na maji ya tumbo. Karibu zote hurudishwa. Seli za utumbo hufyonza sodiamu, nayo maji huifuata. Sumu ya bakteria wa kipindupindu huugeuza mwendo huo: seli humwaga kloridi ndani ya utumbo, sodiamu hufuata, kisha maji. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa.

Hata hivyo, sumu hiyo huuacha wazi mlango mmoja. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu huingia pamoja katika seli za utumbo, na mlango huo wa pamoja hauguswi na kipindupindu. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi, dripu zikiwa haba. Vifo vilivyokuwa vimekaribia asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Sukari iliyomo katika ORS, basi, haikuwekwa kwa ajili ya utamu.

Vipimo vyake ni vya makusudi. Damu ina mkusanyiko wa karibu miliosmoli 290 kwa lita. ORS ya zamani ilikuwa na 311. Tangu mwaka 2002 inayopendekezwa ina 245, yaani chini kidogo ya damu, ili maji yaelekee mwilini. Mzazi anayeikoroga pakiti ya lita moja katika robo lita, akitaka dawa "iwe kali", hupata miliosmoli 980. Kinywaji hicho huyavuta maji ya mtoto yaingie utumboni, na sodiamu ikizidi katika damu, seli za ubongo nazo hunyang'anywa maji. Mtoto huweza kupata degedege. Soda nayo haifai: sukari ni nyingi, sodiamu karibu haipo. Kuzidisha maji pia ni kosa, kwani sodiamu ikipungua mno katika damu, seli za ubongo huvimba.

Soma pakiti kabla ya kuifungua, maana si zote ni za lita moja. Iliyo ya lita moja, imimine yote katika maji safi ya chupa mbili za nusu lita zilizojaa. Usikisie kwa vikombe. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kwa kijiko, kidogo kidogo. Aliyetimiza miaka 2 apewe 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea taratibu. Anyonyaye asiachishwe. Yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe, na mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa apelekwe hospitali mara moja.