Tulipanda Julai, tukapanda tena Septemba

Mumezoea kusoma hapa habari za kahawa na viazi. Mara hii tunazungumza juu ya miti ya asili, kwa sababu maombi ya miche yanayofika kwetu Rughenda karibu yote yanataja mti mmoja tu: ekaliptusi.

Hatuwalaumu. Simama karibu na kiwanja cha ndege cha Rughenda, angalia vilima vya Butembo: ekaliptusi huku, ekaliptusi kule. Inakua mbio, ukiikata inachipuka tena, inatoa mbao na makala. Nani atakataa? Lakini jirani yake maharagi hayafurahi, na chemchemi pia.

Sisi tulianza kuijua miti ya asili wakati tulikuwa wanafunzi wa agronomia. Likizo kubwa moja tulitumwa kufanya staji pembeni ya mlima Tshiaberimu, kule Lubero. Tulikuwa sita. Mlima ule, ambao kilele chake kinapita mita 3,000, ni sehemu ya Parki ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, enzi za Wabelgiji, kwa jina la Parki Albert. Gorila wachache wanaishi humo na wanapenda sana machipukizi ya mianzi. Kazi yetu ilikuwa kusaidia kurudisha miti mahali msitu ulipokatwa na kulimwa.

Tulifika na madaftari, na kiburi kidogo. Programu iliandikwa mjini na ilifuata likizo yetu, haikufuata mvua. Basi tulipanda mwezi wa Julai. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni alisimama akatuangalia, akasema: "Batoto yangu, udongo iko inalala. Mungojee mvula." Tulimshukuru, tukaendelea kupanda. Baada ya majuma matatu, miche mingi ilikuwa imekauka kama majani ya chai.

Kosa la pili lilikuwa la mbegu. Tuliokota matunda ya Prunus africana, ule mti ambao wafanyabiashara wanatafuta maganda yake kwa sababu yanatengenezwa dawa ya wazee wanaume huko Ulaya. Tulianika mbegu juani siku nyingi, namna mtu anaanika maharagi. Hata moja haikuota. Kumbe mbegu ya Prunus haivumilii kukauka: unaokota tunda lililoiva, unaondoa nyama, unaipanda upesi kwenye kivuli. Jambo hilo lilikuwa kwenye masomo yetu. Tulikuwa tumelisoma kwa ajili ya mtihani.

Lakini jambo lililotuumiza zaidi halikuwa la agronomia. Asubuhi moja tulikuta mstari mzima wa miche umeng'olewa na kulazwa vizuri pembeni, hata mmoja haukuvunjwa. Mzee mmoja wa kijiji hakuficha mawazo yake: "Leo munapanda mti, kesho mutasema mti ule ni mpaka." Watu wa pale wanasema babu zao walilima ndani, parki inasema mpaka ni ule wa zamani. Sisi tulikuwa katikati, na miche mikononi, bila neno la kumjibu. Mpaka leo tunaona mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Mti hauwezi kumaliza ugomvi wa udongo, na anayepanda bila kuzungumza kwanza na wenye mashamba anauchochea tu.

Tuliketi na wazee siku mbili. Tulikubaliana kwamba kabla ya yote tuzalishe miche kwa ajili ya mashamba yao wenyewe, kila mtu achague mti na mahali pa kuuweka. Wengi walichagua Prunus, wengine Erythrina kwa ajili ya uzio, maana kipande chake ukikichomeka kinaota. Mvua ya Septemba ilitukuta bado pale. Tulichelewa kurudi masomoni na tuliadhibiwa. Miche ile ya pili ilishika.

Tulijifunza pia kupunguza kazi. Mahali msitu haujakufa kabisa, visiki na mbegu zilizobaki udongoni zinaota zenyewe. Unafyeka nyasi na magugu yanayozifunika, unazuia mbuzi, unangoja. Ni kazi ya panga na uvumilivu, haiombi hata franka moja ya miche.

Siku hizi usalama hauturuhusu kufika kule kila tunapotaka. Mwaka 2024 tulifurahi kusikia kwamba gorila wanne wa kike waliokuwa wanatunzwa Kasugho walipelekwa Tshiaberimu kuongeza familia. Na mzee yule wa miche? Mara ya mwisho tulipopita kwake, ugomvi wa mpaka alikuwa bado nao, lakini Prunus zake zilikuwa zimempita urefu. Tulimwonyesha namna ya kutoa maganda pande mbili tu zinazoelekeana, asizungushe kisu, maana mti uliozungushwa unakufa. Tulimwambia pia kwamba tangu 1995 biashara ya mti huu kati ya nchi na nchi inahitaji kibali. Mtu asiwauzishe maganda kwa haraka bila karatasi.

Kitalu cha Rughenda kitapokea majina ya wanaotaka miti ya asili kabla ya mvua kuanza. Anayekuwa na Prunus iliyozaa kwake, atuletee matunda siku ile ile anayookota, ndani ya kitunga, si ndani ya mfuko wa plastiki. Na asiyaanike.