Wanafunzi Wanapokupima Kisukari: Mambo ya Kuzingatia

Inapokaribia Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, baadhi ya wanafunzi wa vyuo vya afya huwapima wananchi sokoni na vituoni. Jitokeze, kwani kisukari cha aina ya pili huweza kukaa mwilini kwa miaka bila dalili. Hakikisha kidole kinatobolewa kwa sindano mpya, iliyofunguliwa mbele yako. Mweleze mpimaji umekula lini: baada ya saa 8 bila chakula, kiwango cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi huashiria kisukari. Hata hivyo, hakithibitishi ugonjwa. Omba majibu kwa maandishi, uyapeleke kituo cha afya upimwe tena. Usinunue dawa kabla ya uthibitisho huo.