Filamu za kutisha: nani anakufanya uruke?

Wasikilizaji wetu wa Mbuchi na vijiji vingine vya delta ya Rufiji wanaotazama filamu za majini na wachawi, iwe kibanda umiza au kwenye simu, wanaijua hali hii. Kimya kimetanda, mtu anasogelea mlango, mara kishindo! Kila mtu anaruka.

Aliyewarusha ni mhariri wa filamu. Yeye hukaa mbele ya kompyuta baada ya picha kupigwa, akikata na kuunga vipande vya picha na sauti. Hizi ni mbinu zake tatu.

Kuchelewesha, kisha kushtua. Katika filamu ya Marekani ya Cat People ya mwaka 1942, mwanamke anatembea usiku akihisi kufuatwa. Mhariri Mark Robson aliurefusha ukimya, kisha akaingiza ghafla mlio wa basi. Ni basi tu, lakini watazamaji walishtuka.

Kukata harakaharaka. Mauaji ya bafuni katika Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, yanachukua kama sekunde 45, na ndani yake picha inakatwa mara 52. Kisu, uso, maji, kisu tena. Karibu hakuna mahali unapoona kisu kikiingia mwilini. Akili yako ndiyo inayojaza pengo.

Kutowesha mtu. Kamera inasimamishwa, mtu anaondoka, kamera inawashwa tena. Vipande viwili vikiungwa, mtu "ametoweka". Mfaransa Georges Méliès aliitumia mbinu hii mwaka 1896. Ndiyo maana hata filamu ya majini yenye bajeti ndogo inaweza kumfanya jini aonekane na kupotea. Hapa kwetu Mussa Banzi alitutengenezea filamu za kutisha kama Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000.

Kwa nini ujue haya?

Kwa sababu siku hizi kukata na kuunga kunafanyika hata kwenye simu. Video fupi ya "jini la mikokoni" au "mchawi aliyenaswa" inaweza kutengenezwa kwa mbinu hizihizi. Ikisambaa, bibi wa watu anaweza kunyooshewa kidole, hata kudhuriwa.

Kwa hiyo ikikufikia, zima sauti kwanza uitazame tena. Hofu imepungua? Basi ilikuwa kwenye sauti. Kisha angalia pale picha inaporuka: mtu alikuwa hapa, sasa yuko pale. Hapo pamekatwa. Usiitume kwenye kundi la kijiji.

Na mtoto akiogopa kutoka nje usiku baada ya filamu, mfanyie jaribio hilohilo mchana. Akiona palipokatwa, ataanza kucheka.